Sakafu ya muhugu iliyokataa kukauka: uchambuzi wa kisa kimoja cha Nairobi

Majina, mtaa na mwaka vimeondolewa. Vipimo, kiasi cha vifaa na mfuatano wa kazi ni vya kisa chenyewe.

Usuli

Nyumba ni ya mawe, ya mwishoni mwa miaka ya 1960, upande wa magharibi mwa jiji. Sebule ina mita 5.6 kwa 4.5, yaani mita za mraba 25 na kidogo. Sakafu ni vibao vya parketi vya unene wa milimita 19, vilivyopangwa kwa mtindo wa mkeka, vinne vikielekea huku na vinne vikielekea kule, na kubandikwa kwa lami juu ya zege. Vingi ni muhugu, mti uleule unaopendwa na wachongaji wa Kikamba. Karibu na mlango wa veranda kuna vibao vya mvule, dalili kwamba mtu aliwahi kukarabati pale zamani. Kuvitofautisha si kazi: mvule una matundu makubwa yanayoonekana kwa macho, ilhali muhugu ni laini na ukipigwa msasa hutoa harufu ya manukato.

Kwa zaidi ya miaka 40 sakafu hiyo ilipakwa polishi nyekundu ya nta na kusuguliwa kwa brashi ya mguu. Ilikuwa imegeuka nyeusi kwenye njia za kupita na nyekundu pembeni. Vibao 14 vilikuwa vimelegea, na chini ya chungu cha maua palikuwa na duara jeusi la upana wa sahani.

Mwenye nyumba, mwalimu mstaafu, aliita mafundi watatu. Wawili walimshauri ang'oe aweke tiles. Wa tatu alikubali kupiga msasa lakini hakuwa na nafasi hadi Septemba. Mama akaamua kuifanya mwenyewe pamoja na mpwa wake, mwezi Julai, wakati kijana yuko likizo. Lengo lao lilikuwa rangi ya kahawia iliyokolea, kama kahawa isiyo na maziwa, kisha vanishi ya kung'aa kiasi.

Maandalizi

Hapa kazi ilianza vizuri, tena vizuri kuliko kwa mafundi wengi. Vibao vilivyolegea viliandikwa namba kwa chaki kabla ya kung'olewa, ili kila kimoja kirudi kwenye shimo lake. Lami iliyoganda nyuma haikukwanguliwa ikiwa vuguvugu, maana huvutika kama ubani wa kutafuna. Vibao viliwekwa kwenye mfuko wa plastiki, vikalazwa ndani ya friza kwa saa moja, na lami ikabanduka vipande vipande kwa patasi. Kwenye zege ilikwanguliwa kwa mkono, bila mashine. Huo ulikuwa uamuzi sahihi, kwa sababu baadhi ya gundi nyeusi za zamani zilichanganywa na asibesto, na vumbi lake si la kuvuta.

Kabla ya kurudisha vibao walibandika karatasi ya nailoni juu ya zege tupu, ikafungwa kingo zote kwa selotepu na kuachwa saa 24. Haikutoa jasho, kwa hiyo unyevu haukuwa unapanda kutoka chini. Gundi waliyotumia ni ya poliyurithani ya kubandika parketi, inayobaki na mnyumbuko. Vibao vinne vya duara jeusi vilibadilishwa na vingine vilivyotolewa ndani ya kabati la ukutani, mahali ambapo hakuna jicho linalofika: mti uleule, umri uleule, unene uleule. Hakuna duka la mbao, si Gikomba wala kwingineko, ambalo lingewapa kinachofanana hivyo.

Nta iliondolewa kwa lita 5 za tapentaini na pamba ya chuma. Walisugua uso wa vibao mpaka kitambaa kikatoka safi. Mianya kati ya vibao hawakuigusa.

Kupiga msasa

Mashine ya ngoma, ile inayopiga msasa sakafu kwa karatasi iliyovingirishwa kwenye ngoma inayozunguka, ilikodiwa Industrial Area kwa siku mbili. Ni mashine ya wati 2,200, kwa hiyo huvuta ampea 9 hadi 10 kwa stima yetu ya volti 240. Soketi ya ampea 13 inatosha. Kilichokosekana ni waya. Ekstensheni waliyokuwa nayo ilikuwa nyembamba, ya milimita za mraba 1, na nusu yake ilibaki imezungushwa kwenye kigurudumu chake. Baada ya dakika 20 kigurudumu kilikuwa cha moto na ngoma inapunguza kasi kila inapobanwa. Ngoma inayopungua kasi haikati, inadunda, na kila mdundo huacha wimbi. Baadaye walipata waya wa milimita za mraba 2.5, wakaukunjua wote, na sauti ya mashine ikabadilika papo hapo. Mawimbi ya nusu ya kwanza ya chumba yalikuwa yameshaingia.

Mpangilio wa msasa ulikuwa namba 40, kisha 60, kisha 80 (namba ikipanda, msasa unakuwa laini zaidi), kwa mshazari wa nyuzi 45. Kwa sakafu ya mkeka hiyo ndiyo njia, kwa kuwa ukifuata nyuzi za kibao kimoja unakuwa unakata nyuzi za jirani yake. Namba 40 ilizibwa na nta kila baada ya mita chache, wakatumia karatasi tisa badala ya nne walizokadiria.

Pembeni ndipo palipoharibika. Mashine ya ngoma haifiki sentimita 10 za mwisho kabla ya ukuta. Duka la kukodisha lilikuwa na mashine ndogo ya pembeni, lakini kijana akaona ataokoa pesa kwa kutumia grinda ya nyumbani yenye diski ya msasa namba 40. Grinda huzunguka mara 11,000 kwa dakika. Inachimba, inaunguza, na inaacha mikwaruzo ya nusu duara. Ili kuificha akapita juu yake kwa msasa wa mkono namba 150. Sasa chumba kilikuwa na sakafu mbili: katikati iliyoishia namba 80, na fremu iliyosuguliwa mpaka ikawa kama kioo, ndani yake kukiwa na makovu ya grinda. Kwa macho, ikiwa kavu na yenye vumbi, hakuna aliyeliona hilo.

Rangi

Lita 2 za rangi ya mbao ya mafuta zilipakwa kwa kitambaa jioni moja. Hawakujaribu popote kwanza. Maagizo ya kopo yalisema ifutwe baada ya dakika 5 hadi 15. Wao walipaka chumba kizima, wakitokea dirishani kuelekea mlangoni, ndipo wakarudi kufuta. Upande wa dirisha ulikuwa umekaa zaidi ya dakika 40. Kitambaa kilishika kama kwenye asali, na rangi ikabaki nene juu ya mbao.

Usiku huo vitambaa vyote vilitupwa ndani ya ndoo kwenye veranda. Saa tatu hivi mama alisikia harufu ya kuungua. Hapakuwa na moshi, lakini vitambaa vya katikati ya rundo vilikuwa vya moto kama sufuria iliyotoka jikoni. Mafuta ya rangi hiyo yanapokauka hutoa joto, na joto likikosa pa kutokea hupanda mpaka rundo likawaka lenyewe. Vilitandazwa kimoja kimoja kwenye ua wa saruji vikauke, ndipo vikatupwa. Ndoo ilikuwa hatua mbili kutoka mlango wa jikoni na mtungi wa gesi.

Asubuhi fremu ikajitokeza: ukanda wa rangi hafifu wa sentimita 10 kuzunguka chumba kizima, na ndani yake miezi midogo myeusi ya grinda. Rangi huingia kwenye mikwaruzo. Mbao iliyosuguliwa kwa namba 150 haina pa kuishikilia, na kovu la namba 40 linainywa yote.

Vanishi isiyokauka

Saa 14 baada ya rangi walipaka mkono wa kwanza (yaani tabaka la kwanza) wa vanishi ya poliyurithani ya mafuta, bila kuizimua, kwa rola. Kopo lilisema saa 12 hadi 24, ila makopo hayo huandikwa kwa joto la takribani nyuzi 25. Julai ya Nairobi, jiji lililo karibu mita 1,800 juu ya bahari, usiku hushuka hadi nyuzi 10 au 12, na asubuhi ina ukungu. Kuchelewa kidogo kulitarajiwa.

Baada ya siku moja ilikuwa inanata. Siku ya pili hivyohivyo.

"Anti, hii bado inashika."

"Iache ikauke. Na hili baridi, ulitaka nini?"

Siku ya nne bado inashika, ila sasa kulikuwa na kitu cha kusoma, kwa kuwa mnato haukuwa sawa chumba kizima. Walipiga magoti wakagusa kibao kwa kibao, wakitia alama ya chaki kila kinachonata. Kazi ya nusu saa, na ndiyo iliyookoa mradi. Ramani ya chaki ilionyesha mambo matatu tofauti.

La kwanza, kote mlangoni kwa veranda kwenye mvule, na kwenye vibao vya muhugu vyenye kiini cheusi zaidi, vanishi ilinata mpaka kwenye ukingo wa kibao na kuishia hapo. Jirani yake alikuwa mkavu. Baridi haichagui kibao. Mnato unaofuata mpaka wa kibao unatoka ndani ya mbao.

La pili, upande wa dirisha mnato ulikuwa wa mistari mirefu inayovuka vibao bila kujali aina. Hiyo ilikuwa rangi nene isiyofutwa. Tone la tapentaini kwenye kitambaa cheupe lilitoka na kahawia, ushahidi kwamba chini ya vanishi rangi ilikuwa bado mbichi.

La tatu, kando ya mianya, vanishi ilikuwa imekauka lakini imejikunja na kuacha vidoa vidogo vya duara, kama maji juu ya jani la mgomba. Hiyo ni nta ya mianya iliyoachwa.

Kama chumba kizima kingenata sawasawa, lawama ingekwenda kwa baridi, unyevu au kopo lililokaa dukani mno. Haikuwa hivyo.

Uamuzi wa kurudia

Njia tatu zilikuwa mezani. Ya kwanza ni kusubiri wiki mbili zaidi. Ilikataliwa, kwani vanishi iliyozuiwa na mbao inaweza kunata kwa miezi. Ya pili ni kupaka mkono mwingine juu, ushauri utakaoupata katika kila duka la rangi. Ilikataliwa pia: mkono wa juu ukikauka juu ya ulio mbichi, utapasuka na kumenyeka. Ya tatu ni kuondoa kila kitu na kuanza upya. Mama alikaa nayo siku nzima kabla ya kukubali.

Msasa hauwezi kuondoa vanishi mbichi, huziba kwa dakika. Ilikwanguliwa kwa kikwangulio cha chuma na tapentaini, madirisha wazi, gesi imefungwa, mabaki yakitandazwa nje. Safari hii mianya ilipitiwa yote kwa kisu chembamba cha kuweka putty na brashi ya nailoni, na nta nyeusi ikatoka kama makaa yaliyolowa. Ilichukua siku mbili na lita 7 za tapentaini.

Baada ya siku mbili za kupumua walikodi mashine ya diski ya kuzunguka, pamoja na ile ndogo ya pembeni. Msasa namba 60, 80 na 100, katikati na pembeni vikiishia namba ileile. Mvule ulipigwa kwa barakoa ya kuchuja vumbi (FFP2) na miwani. Vumbi lake huwasha ngozi na kufunga kifua kwa baadhi ya watu.

Kisha, kabla ya kugusa chumba, wakafanya majaribio ambayo yangepaswa kufanywa tangu mwanzo. Nyuma ya sofa walichagua sehemu yenye mvule na muhugu pamoja, wakaigawa kwa selotepu katika miraba mitatu ya sentimita 50. Mmoja ulipakwa vanishi moja kwa moja. Wa pili ulifutwa kwa thina kisha ukapakwa vanishi mara ilipokauka. Wa tatu ulipakwa mikono miwili myepesi ya shelaki, ukapigwa msasa mwepesi namba 220, kisha vanishi. Wakasubiri saa 48. Wa kwanza ulinata kwenye mvule. Wa pili ulikauka kwenye muhugu lakini mvule mmoja ukawa bado unashika ukucha. Wa tatu ulikuwa mkavu wote.

Shelaki hii ni vile vipande vya manjano kama maganda ya kitunguu ambavyo maseremala huyeyusha kwa spiriti kwa ajili ya polishi ya samani. Kipimo kilikuwa gramu 120 kwa lita. Kwa mita 25 za mraba, mikono miwili, walitayarisha lita 5, yaani gramu 600. Kuna jambo moja la kuzingatia: shelaki ya kawaida ina nta yake ya asili, na vanishi ya poliyurithani haiishiki vizuri nta hiyo. Mchanganyiko uliachwa siku tatu katika mitungi ya kioo. Ukungu ukazama chini, na maji ya juu yenye rangi ya chai ya rangi yakamiminwa taratibu kupitia kitambaa. Yaliyobaki chini hayakutumika.

Kuhusu rangi, mama ndiye aliyeamua kuiacha. Mraba wa tatu ulikuwa umetoka wa hudhurungi yenye manjano, na mvule wenye dhahabu kidogo, na alisema hajawahi kujua ana mbao ya namna hiyo. Kitaalamu uamuzi huo ulikuwa na faida nyingine, kwani bila rangi, kasoro za msasa hupungua makali.

Matokeo

Vanishi ilipakwa mikono mitatu, lita 2.5 kila mmoja, wa kwanza ukizimuliwa kwa tapentaini asilimia 10. Walianza saa nne asubuhi, ukungu ukiwa umeondoka, na kumaliza kabla ya saa saba ili jua la mchana lifanye kazi yake. Kati ya mkono na mkono waliacha saa 36 badala ya 24, kisha msasa namba 220 na kufuta vumbi kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo tapentaini. Kila mkono ulikauka. Viti vilirudi siku ya nane vikiwa na vipande vya zulia chini ya miguu, na zulia lenyewe lilisubiri wiki nne.

Mradi uliopangiwa siku 6 ulichukua siku 27. Unene wa mbao ulipungua karibu milimita 2 kwa misasa miwili. Vibao vya milimita 19 vinaweza kustahimili hasara hiyo, ila kwa parketi nyembamba ya milimita 8 ingekuwa hasara kubwa. Mawimbi ya ngoma hayakwisha kabisa. Jua la saa kumi na moja jioni likiingia kwa mlango wa veranda yanaonekana kama mchanga ufukweni maji yakipwa.

Uchambuzi

Makosa yaliyoonekana yote yalijitokeza kwenye rangi na vanishi, lakini hakuna hata moja lililoanzia hapo isipokuwa kuchelewa kufuta. Fremu ilitengenezwa na grinda. Vidoa vya duara vilitengenezwa siku mianya iliporukwa. Mnato wa vibao ulikuwa ndani ya mti tangu ulipokatwa. Rangi iliyokolea ilifanya kazi ya karani tu, iliandika kila kilichotangulia.

Kosa la mnato ndilo lisilojulikana sana. Vanishi ya mafuta haikauki kama nguo kwenye kamba. Tapentaini ikishatoka, kinachobaki hugumu kwa kuungana na oksijeni ya hewa, na baadhi ya mbao za kitropiki zina kemikali za asili zinazoizuia hatua hiyo. Mvule una sifa hiyo. Muhugu nao una mafuta mengi, yaleyale yanayokamuliwa kwa mvuke kwa ajili ya manukato, na harufu waliyoifurahia wakati wa msasa ilikuwa onyo. Shelaki inafaa kwa sababu hukauka kwa spiriti kuruka tu, haihitaji oksijeni, kwa hiyo mbao haina cha kuizuia. Kufuta kwa thina huondoa mafuta ya juu, lakini ya ndani hupanda tena. Ndiyo maana mraba wa pili ulifaulu nusu.

Je, wangetumia vanishi ya maji? Ingekwepa sehemu kubwa ya tatizo hilo, na wengine wangeichagua. Ila juu ya mianya yenye mabaki ya nta ingekunjamana vibaya zaidi, na rangi ya mafuta iliyokuwa mbichi ingeikataa. Isingewaokoa na siku zile mbili za kikwangulio.

Kuchora ramani ya chaki ndilo jambo bora walilofanya. Bila hiyo wangelaumu baridi, na baridi ilikuwepo kweli, jambo lililoifanya iwe kisingizio kizuri. Uamuzi wa pili kwa ubora ni vibao vya kabatini.

Akiba ya grinda ilikuwa ya uongo. Kukodi mashine ya pembeni kwa siku moja kungekuwa rahisi kuliko karatasi, tapentaini na siku za nyongeza zilizofuata. Waya wa ekstensheni ni kosa dogo kwa bei na kubwa kwa alama, na ndilo pekee lisilofutika bila kupunguza tena unene wa mbao.

Chumba cha kulala bado kina polishi nyekundu. Mianya yake imeshaanza kukwanguliwa, mraba wa majaribio uko chini ya kitanda, na mashine itakodiwa Februari.